Ubao wa Kumi na Tisa

Gati la Chokocho lilikuwa na mbao arubaini na moja,
na ubao wa kumi na tisa haukuwapo.
Uling'oka mwaka niliomzaa Rukia
na hakuna aliyeurudisha.
Tukauruka.
Mjamzito aliuruka, kashikwa mkono huku na huku,
mwalimu aliuruka na baskeli begani,
wenye mwani waliuruka na viroba vikiwachuruzikia shingoni,
na mtoto wa Panza, kabla hajajua kuhesabu mpaka ishirini,
mguu wake ulishajua kumi na tisa.

Kisha nguzo za upande wa kisiwani zikaanza kucheza.
Nikachaguliwa katibu, kwa kuwa nina mwandiko
na sina haya.

Sheha akaipiga barua muhuri, akasema: peleka Mkoani.
Mkoani wakasema: gati limo baharini, bahari si yetu.
Bandari wakasema: nguzo zimo kwenye mikoko, mikoko si yetu.
Misitu wakauliza: mikoko mingapi itakatwa?
Nikasema: hautakatwa hata mmoja, tunataka zege.
Basi huhitaji kibali chetu, wakasema,
ila lazima uwe na barua yetu kwamba huhitaji kibali chetu.
Nani ataiandika?
Sisi.
Lini?
Afisa yuko Unguja.

Mara nne nimepanda meli ya usiku,
faili kwapani, nimelivisha mfuko wa sukari.
Karani mmoja, Bi Zuwena, alinipa kiti,
akanipa chai na kipande cha mkate wa kumimina.
Saini hakunipa.
Mazingira wakataka ramani,
ramani ikataka mpimaji,
mpimaji akataka nauli,
akaja siku ya maji kupwa,
akasimama juu ya tope, akaandika:
*hapa hapana maji.*
Wallahi aliandika. Ninayo nakala.

Tukatangaza tenda.
Wakaja watatu wa kusema, tukangoja wa kutenda.
Wa kwanza alitaka nusu mbele, tukampa robo,
akaleta tripu mbili za kokoto na koleo lisilo mpini;
simu yake haijapatikana mpaka leo
na kuku wa Mwatima wanatagia kokoto zile.
Wa pili alivaa kofia nyeupe,
akatuonyesha picha za magati ya Dubai.
Wa tatu, Ussi Makungu wa Mtambile,
alivua viatu,
akaingia majini mpaka kiunoni,
akazigonga nguzo moja moja kwa kisogo cha shoka
na sikio kalitega, kama mtu anunuaye fenesi.
Hii imekufa, akasema.
Hii imekufa.
Hii inakufa.
Hii nani aliisimika?
Baba yangu, nikasema.
Iacheni.

Miezi saba tuliishi kwa saa za maji.
Zege halina subira, bamvua halina adabu;
kuna usiku tulimimina kwa taa za simu,
bahari inatupanda magotini,
na Ussi akionja maji ya kukorogea, ndoo kwa ndoo:
yenye chumvi akayamwaga,
hata kama aliyeyabeba ni mama yake Mwatima
na kisima kiko mbali.

Siku ya kufungua, mgeni rasmi alikata utepe,
akatangulia, viatu vyake vinalia juu ya saruji.
Sisi tukafuata nyuma, kijiji kizima, kanzu na kanga,
na tulipofika pale,
pasipo na ubao wala pengo,
tukaruka.
Wote.
Mgeni rasmi akageuka kutazama
nini kimeanguka.

Nguzo ya baba ingalipo pembeni, haibebi kitu.
Watoto huifungia kamba za kuchezea.

Barua ya Misitu ilifika Jumanne.
Inasema kibali hakihitajiki.
Nimeitia ndani ya faili,
juu ya ile isemayo hapa hapana maji.